Kadi Nane za Kiitaliano

Kadi ya kwanza ilibandikwa kwenye kopo la sukari, na Brashi hakuijali. Iliandikwa *buongiorno*, na nyuma yake, kwa Kiingereza, *good morning*. Basi, ni asubuhi njema tu, na nani atagombana na asubuhi njema? Ya pili ikatokea kwenye kioo cha kunyolea, ya tatu kwenye mlango wa kabati, na kabla wiki haijaisha nyumba nzima ilijaa vijikaratasi. Mkewe alivikata kutoka kwenye mabaki ya karatasi nzito ya kiwandani kwao. Upande huu Kiitaliano, upande ule maana yake kwa Kiingereza. Akichambua mboga, midomo inacheza. Akipiga pasi, midomo inacheza. Hata usingizini, Brashi angekula kiapo, midomo ilikuwa inacheza.

Brashi ni jina la kazi. Alikuwa mchora mabango, na jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye vyeti tu. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa ameandika milango ya maduka, mageti ya shule na ubavu wa malori, na hakuna mtu mjini aliyeweza kuchora herufi ya S ikakaa vizuri kama yake. Kiingereza chake nacho alikisomea kwenye mabango hayo hayo: *No Entry*, *Beware of Dog*, *This House Is Not For Sale*. Kwa Kiingereza Brashi angeweza kumkataza mtu jambo lolote. Kumkaribisha ndiko kungemtoa jasho.

Mambo yalianza pale kiwanda cha uchapaji, alikofanya kazi mkewe, kilipoleta mashine mpya kutoka Italia. Ilikuja vipande vipande kwenye masanduku, na ikaja na mtu wake wa kuifunga na kuifundisha. Jina lake halisi wafanyakazi waliligusa mara moja, likawashinda, wakaliacha. Walimwita Prego, kwa sababu ndilo neno lililomtoka. Ukimshukuru, *prego*. Akikupisha mlangoni, *prego*. Ukibisha hodi, *prego*. Alijua Kiingereza cha kuombea maji, na Kiswahili hakujua hata salamu. Angekaa wiki nane. Akiondoka, mashine ingehitaji msimamizi, na meneja aliwatangazia wote bila kumung'unya maneno: atakayeelewana na Prego ndiye atakayekabidhiwa.

Mke wa Brashi alikuwa ameendesha mashine ya zamani kwa miaka kumi na mmoja, akiwa chini ya wasimamizi wanne ambao kila mmoja alifundishwa kazi na yeye. Safari hii aliitaka nafasi ile kwa roho yake yote. Alimwambia mumewe siku ile ile, akiwa bado hajavua viatu, na Brashi akasema, "Vizuri," kwa sauti ya mtu aliyeambiwa maji yatakatika.

Maana mashine yenyewe alishaichukia kabla haijafunguliwa. Ilisemekana inatoa bango la mita tatu kwa dakika nne. Bango la mita tatu kwa Brashi ni siku mbili, moja ya kupiga mistari kwa uzi wa chaki na moja ya rangi. Wateja wake wawili wakubwa walikuwa wameshaanza kumpigia simu kwa adabu nyingi mno, na mteja akizidisha adabu ujue anaaga. Kwa hiyo hesabu ya wivu Brashi aliipiga hivi: mashine imenichukulia wateja, na mwenye mashine atanichukulia mke. Wivu ukikaa kwenye hesabu haukosi jibu.

Prego hakuwahi kutia mguu nyumbani kwao, lakini kila chakula cha jioni alikuwepo mezani.

"Leo Prego kanionyesha jinsi ya kusafisha roli ya mashine bila kuizima."

"Aha."

"Prego anasema mkono wangu mwepesi."

"Mkono wako kaujulia wapi?"

"Kwenye roli, mume wangu. Nimekwambia roli."

Brashi alimega tonge. Baadaye, akijifanya hamnazo, akauliza, "Huyo Prego ana mke?"

"Alikuwa naye. Waliachana zamani. Anakaa na mama yake mzee, anampigia kila siku saa sita. Anampenda huyo mama, utacheka."

Brashi hakucheka. Mwanaume aliyeachika, mwenye mikono yenye ujuzi, anayempenda mama yake: shetani angekuwa anamtengenezea mtu jaribu, asingeongeza kitu.

Halafu ikaja kadi ya mfukoni. Ilikuwa Jumamosi, Brashi anakusanya nguo za kufua, akatikisa ovaroli ya mkewe na kadi ikaanguka kwenye majani. Aliiokota. *Sei bellissima.* Akaigeuza. *You are very beautiful.* Wewe ni mrembo sana! Alisimama pale na ovaroli ikining'inia mkononi. Kwenye kona ya kadi palikuwa na nukta ndogo ya wino, alama ambayo mkewe aliiweka kwenye kadi alizokwisha kuziweka kichwani. Hii alikuwa ameshaijua. Mtu hujifunza sentensi kama hiyo kwa sababu mbili tu, alijiambia Brashi: ama ataisema, ama ameambiwa.

Aliipeleka kwa jirani yake wa karakana, seremala, mtu wa maneno machache na misumari mingi mdomoni. Seremala akaisoma mbele, akaisoma nyuma, akatema misumari.

"Muulize mkeo."

"Nimuulize nini?"

"Maana yake."

"Maana imeandikwa nyuma, wewe!"

"Basi kama unajua maana, umekuja kuniuliza nini mimi?" Seremala akarudisha misumari mdomoni. "Brashi, wivu wako utakula nyumba na mlango. Muulize mwanamke ulale."

Lakini Brashi hakuuliza. Kuuliza kungekuwa kukiri, na afadhali angekunywa rangi. Alirudisha kadi mfukoni kwenye ovaroli, ambayo hakuifua tena, akaichomekea vile vile ilivyokuwa, na usiku ule alihesabu mbao zote za dari.

Kesho yake, Jumapili, mkewe alikwenda kumwona dada yake aliyekuwa amejifungua. Brashi alibaki nyumbani. Alichukua bunda la kadi zote, zilizobanduliwa ukutani na zile mpya, akazitandaza mezani. Zenye nukta akazitenga. Zilizobaki, ambazo mkewe alikuwa hajazifikia, akazisoma moja moja, na ndipo shetani alipovuta kiti akaketi naye.

Wapo watu wangezichana. Brashi hakuwa mchanaji, alikuwa fundi. Mwandiko wa mkewe aliujua kuliko mkewe mwenyewe alivyoujua: herufi zinalala kushoto kana kwamba upepo unazipiga, *a* imefumba kama kifungo, nukta ya *i* imekimbilia mbali na mwenyewe. Alitafuta kalamu ile ile na karatasi ile ile, akakata kadi mpya nane kwa mkasi wa jikoni. Akanakili Kiitaliano kama kilivyo. Nyuma akabadilisha maana, mbili kwa mbili. *Ho fame*, nina njaa, akaipa maana ya nimeelewa. Nimeelewa ikawa nina njaa. *Buon viaggio*, safari njema, akaibadilisha na ya kumtakia mtu chakula chema. Nimechoka ikawa niko tayari, na niko tayari ikawa nimechoka. Jozi ya mwisho ilikuwa *mi dispiace tanto*, ambayo ni pole sana, na *sono felice per te*, yaani nimefurahi kwa ajili yako. Hizo nazo akazipindua.

Alitaka nini? Alitaka mkewe achekwe. Aseme neno la ajabu mbele ya Prego, Prego acheke, watu wacheke, na Kiitaliano kimtoke moyoni kwa aibu. Asipopata usimamizi, basi, ataendesha mashine kama zamani na kurudi nyumbani saa kumi na moja. Hivyo tu. Kadi za kweli alizitia kwenye jiko, na akiziangalia zile nane alijisifu, maana hata benki isingezikataa.

Jumanne mkewe alirudi anacheka kuanzia mlangoni.

"Leo nimejitia aibu! Prego kanieleza mambo ya wino, mimi badala ya kusema nimeelewa nikamwambia nina njaa. Akafungua mfuko wake akanikatia nusu ya mkate. Nikamwambia tena, kwa msisitizo, nina njaa! Akanipa wote!"

"Mkate wote?" aliuliza Brashi.

"Wote, na jibini. Tumecheka mpaka meneja akatoka ofisini. Nilinakili vibaya, macho yamechoka."

Brashi aligeukia dirisha. Kumbe amekata kuni kwa mkono wake, na wenzake wameota moto. Wamekula mkate mmoja! Usiku ule wivu ulimpanda mpaka kooni, na lau mkewe angemtazama vizuri angeona. Lakini alikuwa na kadi zake, midomo inacheza.

Alhamisi alirudi hana sauti. Hakuvua viatu, hakuweka mkoba chini. Aliketi kwenye kiti cha karibu na mlango, kile cha kuwekea mafurushi, na Brashi akadhani amefukuzwa kazi. Moyo wake, aibu kusema, ulichangamka kidogo.

"Mama yake Prego amefariki," alisema mkewe.

Aliyasimulia polepole. Simu ilikuja saa sita, saa ile ile ambayo kila siku Prego humpigia mama yake, ila safari hii ilikuwa sauti ya dada yake. Prego alikaa sakafuni kando ya mashine kama mtu aliyekatwa miguu. Wangezika kesho yake, na ndege ya karibu ni keshokutwa, hatawahi. Wafanyakazi walimzunguka, kila mmoja anasema pole, pole sana, kaka, pole, na yeye hajui pole ni nini. Wote wakamgeukia mke wa Brashi. Mwambie wewe, walisema, wewe ndiye unayeijua lugha yake.

"Nikamwambia subiri. Nikatoa kadi mfukoni, nikaitafuta ya kumpa pole. Nikaipata. Nikapiga magoti, nikamshika mikono yote miwili, nikamsomea. Akanitazama. Nikadhani hajasikia vizuri, nikarudia. Kwa sauti, wote wakasikia. Mume wangu, unajua nilimwambia nini yule mtu? Nilimwambia nimefurahi kwa ajili yako."

Brashi alikuwa ameshika kikombe. Alikiweka mezani taratibu sana.

"Aliitoa mikono yake kwenye yangu. Hakunitukana. Alisimama akaenda kukaa nje peke yake. Mimi sikujua hata kosa langu, mpaka meneja alipolitafuta neno kwenye simu yake."

Alilia usiku ule, akalia Ijumaa, akalia Jumamosi. Ijumaa alitaka kumweleza Prego kwa Kiingereza, lakini Prego alikuwa akimpita kama nguzo. Na Brashi? Alimchemshia maji, alimfunika shuka, alimwambia yatapita. Kila alipofungua mdomo aseme, aliona sura ya mkewe itakavyokuwa akishajua, akaufunga. Kesho nitasema, alijiambia. Kesho ina sifa moja nzuri, haiishi.

Jumapili asubuhi mkewe alitandaza mezani karatasi mbili zilizochapwa. Ilikuwa orodha iliyokuwa imebandikwa kiwandani ukutani, misemo mia moja ya kila siku, meneja aliwachapia wote. Wengine waliisoma wiki moja wakaiacha. Yeye aliinakili yote kwenye kadi, kuanzia namba moja hadi mia.

Brashi aliiangalia orodha ile, na jicho lake lilikwenda lenyewe mpaka namba hamsini na nane. *Sei bellissima.* Juu yake, namba hamsini na saba, ilikuwa duka la dawa liko wapi. Chini yake, hamsini na tisa, tuletee bili tafadhali. Mrembo alikuwa amekaa kati ya duka la dawa na bili, na hakuna aliyempeleka pale kwa mapenzi. Brashi alihisi masikio yake yanawaka.

"Nimezikagua zote," alisema mkewe. "Nilidhani ni mbili tu nilizokosea. Ni nane. Nane, mume wangu! Njoo uangalie, wewe ndiye mwenye jicho la herufi. Huu ni mwandiko wangu?"

Hapa ndipo mlango ulipokuwa wazi kabisa, na Brashi angeweza kupita.

"Ni wako," alisema.

Mkewe alitikisa kichwa. Alizipanga kadi nane kwenye mstari, akazinyoosha kwa kidole. "Mama alianza hivi hivi," alisema, bila kulia safari hii. "Unakumbuka? Alianza kuuita mkasi kijiko. Tukacheka. Baada ya miaka minne akaniuliza mimi ni binti wa nani. Nilikuwa najiambia labda mimi nitaponea." Alipumua. "Kesho namwambia meneja ampe mtu mwingine mashine. Mtu asiyejua anaandika nini hawezi kuachiwa mashine inayokata vidole. Halafu nitakwenda hospitali wanipime kichwa."

Brashi alimtazama mke aliyeishi naye miaka kumi na tisa akijikabidhi kwa ugonjwa ambao hana. Wivu alioulisha siku zote hizo ulimgeukia. Akavuta kiti, akachukua kadi tupu na kalamu ya mkewe.

Akaandika, mkewe akitazama. *Mi dispiace tanto.* Herufi zikalala kushoto. *A* ikajifumba kama kifungo. Nukta ya *i* ikakimbilia mbali. Akaigeuza kadi akaandika nyuma, *I am so sorry*, akaisukuma mbele yake juu ya meza.

Mkewe aliitazama kadi, akautazama mkono wa mumewe, akaitazama kadi. Ilimchukua muda, na Brashi aliuona ule muda wote ukipita usoni mwake.

"Wewe," alisema.

"Mimi."

"Zote nane."

"Zote. Nilikuta ile ya mrembo mfukoni mwako. Nilidhani wewe na yeye..." Hakuimalizia. Ilikuwa imeshaanza kuonekana ya kijinga ikiwa bado mdomoni.

Alingoja atukanwe. Angefurahi kutukanwa. Mkewe aliongea taratibu, karibu kama anajihesabia mwenyewe.

"Ulinichezea kadi, hilo nitalielewa siku moja, wewe una wivu tangu nikujue, ulinionea wivu hata kwa mchungaji aliyetufungisha ndoa. Lakini Alhamisi ulinisikia. Ijumaa ulinisikia. Ulinifunika shuka! Na sasa hivi, dakika hizi, nimekuuliza kama huu ni mwandiko wangu, ukanijibu ni wako, ukaniacha nidhani naugua kama mama yangu." Alisimama. "Kikulacho ki nguoni mwako. Niliusikia msemo huo tangu utotoni, nikidhani unahusu chawa."

Akachukua blanketi akahamia sebuleni.

Jumatatu walikwenda kiwandani pamoja, mke mbele, mume nyuma hatua sita. Mkewe alikuwa amemwambia jambo moja tu asubuhi: "Utamwambia wewe, kwa lugha yake. Maneno yamo kwenye orodha, yatafute." Brashi aliyatafuta, akayakariri njia nzima.

Mashine ilikuwa inafanya kazi. Ilikuwa ndefu kama nyumba yao, na ilitema bango la duka la viatu lenye herufi nyekundu, safi, zimenyooka, zisizo na kosa. Prego aliinuka upande wa pili. Brashi alikuwa ameomba kwa Mungu angalau awe na kitambi. Hakuwa nacho. Ukweli usemwe, alikuwa mwanaume mzuri, na huzuni ilikuwa imemzidishia.

"*È colpa mia*," alisema Brashi. Ni kosa langu. Akainyoosha kadi moja ya uongo, akajigonga kifua. "*Mi dispiace tanto.*"

Prego hakuelewa. Mkewe akaeleza kwa Kiingereza, kwa sentensi fupi, bila kumwongezea mumewe kosa na bila kumpunguzia. Wafanyakazi walikuwa wameacha kazi wakisikiliza. Prego aliichukua kadi, akaisoma mbele na nyuma, akamtazama Brashi.

"*Perché?*"

Kwa nini. Hilo Brashi alilijua, lilikuwa namba kumi na mbili. Lakini katika misemo mia ile haukuwemo hata mmoja wa kujibia. Akajibu kwa Kiswahili, mbele ya watu wote wanaomjua. "Nilikuonea wivu."

Mkewe akalitafsiri. Prego akalisema tena kwa lugha yake, "*geloso*," kama mtu anayeonja kitu kilichochacha. Alijionyesha kidole yeye, akamwonyesha mwanamke, akatikisa kichwa. Kisha akasema kwa Kiingereza chake cha kuombea maji, polepole, ili Brashi aelewe, kwamba mwanamke huyu kila siku anamzungumzia mumewe. Mume wangu na herufi zake, mume wangu na brashi zake. Yeye, Prego, alikuwa ameshachoka kumsikia huyo mume.

Hakumpa Brashi mkono. Aligeuka kwa mwanamke, akamshika mikono yote miwili, kama yeye alivyomshika siku ile, akamwambia *grazie*, asante, na macho yao wote wawili yakalowa. Brashi aliiona mikono ile. Na maajabu ya wivu ndiyo haya: hata pale, akiwa amesimama katikati ya aibu yake, ulimchoma.

Jioni mkewe alirudi, akala, akakunja kitambaa cha meza.

"Nina neno," alisema. "Mwezi uliopita meneja aliniita. Msimamizi wa mashine anatakiwa aende miezi minne kule inakotengenezwa, akajifunze. Aliniuliza kama niko tayari."

Brashi alikauka. "Hukuniambia."

"Sikukwambia kwa sababu nilikataa. Nilimwambia nina mume, hatakula, hatalala. Nilimwambia nipe mashine, safari mpe mwingine. Prego mwenyewe ndiye aliyeniombea nibaki nijifunze hapa hapa, kwa kadi. Kadi zote hizi zilikuwa za kunibakiza hapa nyumbani."

"Na sasa?" aliuliza Brashi, ingawa alijua.

"Leo nimemwambia meneja nitakwenda."

Hakubishana. Angebishana na nini? Wiki tatu zilizobaki zilipita kwa pasipoti, sindano na viatu vya baridi. Mkewe alirudi kulala chumbani, lakini akiulizwa umeshindaje alijibu salama, na salama ikawa ndiyo habari yote. Kuna kazi moja tu aliyompa mumewe. Alikuwa na mtihani wa misemo kabla ya kupokelewa, na alihitaji mtu wa kumuuliza. Kwa hiyo kila jioni baada ya kula Brashi alivuta kiti, akamuuliza kwa Kiingereza, naye akajibu kwa Kiitaliano. Alisoma kutoka kwenye orodha iliyochapwa. Kadi hakuruhusiwa kuzigusa.

Jioni ya mwisho sanduku lilikuwa wazi kitandani. Ndege ilikuwa kesho yake saa nne asubuhi. Brashi alikuwa amejizuia wiki tatu, na hapo akashindwa.

"Utarudi?"

"Mashine si iko hapa?" alisema mkewe, akikunja gauni. "Nitarudi. Endelea, tumebakiza chache."

Alitaka kuuliza swali la pili, kama atarudi kwake au kwa mashine tu, lakini jibu lake alikuwa ameshalisikia. Akashusha macho kwenye orodha.

"Namba tisini na mbili," alisema. "*I am leaving tomorrow.*"

"*Parto domani*," alijibu mkewe, bila kusita.

Brashi alifuata mstari kwa kidole, neno kwa neno, mpaka mwisho.

"Sahihi," alisema.